Kipima TDS na Tangi la Samaki: Namba Ile Inasema Nini Hasa?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa samaki wa mapambo, picha inayotumwa kila mara si ya samaki. Ni ya kidude cha plastiki chenye umbo la kalamu, kimechovywa kwenye glasi ya maji, kioo chake kidogo kinasoma 412 au 870, na chini yake swali: "Wakuu, maji yangu ni machafu?" Majibu huja mchanganyiko. Mmoja anasema ikizidi 200 mwaga yote. Mwingine anasema yake yanasoma 1,100 na samaki wanazaa kila mwezi. Wa tatu anamshauri anunue chujio kubwa zaidi ili namba ishuke.

Mmoja anaweza kuwa anasema kweli kuhusu samaki wake, na mwingine vivyo hivyo kuhusu wa kwake. Anayepotosha moja kwa moja ni huyo wa chujio.

Fujo yote inaanzia kwenye maneno ya muuzaji, kwamba hicho ni kipima usafi wa maji. Si kweli. Ni kifaa kizuri, hata mimi ninacho na ninakitumia, lakini kazi yake ni nyingine, na asiyeijua ataishia kubadilisha maji yasiyo na tatizo huku akiyaacha yaliyo na sumu.

Herufi TDS zinasimama kwa jumla ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Katika maji ya bomba au ya kisima, sehemu kubwa ya vitu hivyo ni madini na chumvi za kawaida kabisa: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloridi, bikaboneti, salfeti. Kiasi chake huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni, ambayo kwa maji ni sawa na miligramu kwa lita. Maji yakisoma 400 ppm maana yake kila lita imebeba madini yasiyofika nusu gramu. Hayo ndiyo yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na ndiyo yanayofanya sabuni isitoe povu ukifulia maji ya kisima.

Hata hivyo, kile kidude hakiyapimi madini yenyewe. Kigeuze uone nchani: kuna pini mbili za chuma. Ukikichovya, kinapitisha umeme mdogo sana kutoka pini moja hadi nyingine na kuangalia umepita kwa urahisi gani. Maji yasiyo na kitu ndani yake hupitisha umeme kwa shida mno. Kinachoupitisha ni chumvi, kwa sababu zikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, zinazoitwa ioni. Ioni zikiwa nyingi, umeme unapita vizuri. Upitishaji huo hupimwa kwa mikrosimensi kwa sentimita, na kwenye vioo vya vifaa huandikwa µS/cm. Baada ya hapo kifaa kinazidisha kipimo hicho kwa namba iliyowekwa kiwandani, ndipo unapata ppm. Upitishaji wa umeme ndio uliopimwa. Ppm ni makadirio yaliyotokana nao.

Mchukulie kama konda wa daladala anayehesabu vichwa. Atakwambia abiria ni thelathini na mbili na hatakosea, lakini hajui nani ni mwalimu na nani ni mwizi wa simu. Kifaa hiki nacho kinahesabu ioni zote kwa pamoja, kalsiamu inayojenga mifupa ya samaki pamoja na amonia inayounguza mashavu yake.

Na kuna abiria asiowaona kabisa. Hilo unaweza kulithibitisha jikoni. Mimina maji ya kunywa ya chupa kwenye glasi mbili na uyapime. Kwenye glasi ya kwanza tia kijiko kizima cha sukari, koroga mpaka iyeyuke, pima tena. Namba itakaa palepale au itatikisika kidogo tu. Kwenye ya pili tia chumvi kidogo, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili. Namba itaruka kwa mamia. Sukari imeyeyuka yote na maji yamekuwa matamu, ila haigawanyiki kuwa ioni, kwa hiyo umeme hauoni tofauti. Hivyo hivyo dawa za kuua wadudu, mafuta na vimelea vya magonjwa vinaweza kuwemo, na kioo kikaendelea kuonyesha namba inayopendeza.

Maziwa matatu, namba tatu

Imani kwamba namba ndogo ndiyo maji safi haina haja ya kubishaniwa kwa nadharia. Tuna maziwa. Ziwa Victoria lina upitishaji wa takriban 100 µS/cm. Ziwa Nyasa ni kama 250. Ziwa Tanganyika ni kama 670, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, hukaribia 9. Kwa kipima TDS cha kawaida, Tanganyika litasoma ppm 335 au zaidi, wakati Victoria likisoma 50 hivi. Sasa niambie nani amewahi kusimama ufukweni Kigoma, akaona mawe ya chini yanavyoonekana wazi, akasema maji yale ni machafu kuliko ya Ghuba ya Mwanza.

Tofauti hiyo inatokana na miamba, chemchemi, umri wa ziwa na jinsi maji yanavyotoka. Tanganyika linapoteza maji yake mengi kwa kufuka kwenda hewani, na Mto Lukuga unaotoka humo ni mdogo ukilinganisha na ukubwa wa ziwa, basi madini yanabaki na kulundikana. Samaki wake wamezoea hivyo kwa vizazi visivyohesabika. Ukimchukua Tropheus au frontosa wa Kigoma ukamweka kwenye maji ya ppm 30 kwa sababu umeambiwa ndiyo safi, unamtesa. Kwa upande mwingine, neon tetra na discus asili yao ni Amazoni, kwenye mito ambayo mingine haina madini karibu kabisa. Rio Negro husoma kama 10 µS/cm. Hao ndio wa maji laini. Guppy na molly hawana makuu. Molly anaishi hata kwenye maji yaliyochanganyika na ya bahari.

Kwa hiyo swali la "namba ngapi ni nzuri" halijibiki kabla hujasema una samaki gani. Kwa tangi la mchanganyiko wa samaki wa kawaida wa dukani, popote kati ya 100 na 400 hakuna cha kuhangaikia, na wengi wao, hasa waliozaliwa na kukuzwa kwenye mabwawa ya hapa hapa, watavumilia zaidi ya hapo ilimradi namba isirukeruke. Samaki wa Tanganyika wape 300 hadi 500. Discus na wenzake watafurahi zaidi chini ya 150.

Kinachoua hakionekani kwenye kioo

Tuje kwenye amonia, maana hii ndiyo inayoua samaki wengi majumbani. Samaki huitoa kupitia mashavu, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Tuseme maji yako yanasoma 400, chujio likazimika, amonia ikapanda kutoka sifuri hadi miligramu 1 kwa lita. Kwa samaki wengi hicho ni kiasi cha kutisha. Kipima TDS kitaonyesha nini? Kitapanda kwa 3 au 4 hivi. Na kiwanda chenyewe kimekuandikia kwenye boksi kwamba kifaa kinaweza kukosea kwa asilimia 2, ambayo kwa maji ya 400 ni 8 juu au chini. Sumu ya kumaliza tangi zima imejificha ndani ya kosa la kawaida la kifaa.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wenye visima wanapaswa kulijua. Amonia majini huwa na sura mbili, moja yenye chaji isiyodhuru sana na nyingine isiyo na chaji, ambayo hupenya mashavu na kuua. Kinachoamua ipi itawale ni pH, kisha joto. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na sura ya sumu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na amonia ileile na namba ileile ya TDS, wa kwanza samaki wake wakawa wanahema tu juu ya maji, wa pili akaamka amepoteza wote. Anayefuga samaki wa Tanganyika, kwa vile pH yake lazima iwe juu, hana nafasi ya kuchezea amonia hata kidogo.

Klorini ya maji ya bomba nayo ni hivyohivyo. Nusu miligramu kwa lita inatosha kuunguza samaki, na kwenye kipima TDS haisomeki kwa namna yoyote ya maana.

Ndiyo sababu namwambia kila anayeanza: fedha ya kwanza nunua vichupa vya kupimia amonia, nitriti, nitrati na pH, vile vya kudondosha matone na kulinganisha rangi. Kipima TDS kifuate baadaye. Angalia pia kabla ya kununua vikaratasi vya kuchovya, kwa sababu vingi vinapima vitu vitano au sita na amonia haimo.

Na chujio je?

Turudi kwa yule aliyeshauri chujio kubwa ili namba ishuke. Chujio la tangi lina kazi tatu. Sponji linanasa uchafu unaoelea, ambao haujayeyuka na kwa hiyo haumo kwenye TDS hata kidogo. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na kwenye vipande vya udongo wa kuchoma wanageuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu kwa samaki. Hesabu ya ioni haishuki kwa kiasi cha maana hapo. Zimebadilishwa tu kutoka mbaya kwenda nafuu. Ukiweka na mkaa maalumu wa kuchujia, huo unaondoa rangi, harufu, klorini na mabaki ya dawa, lakini madini unayaacha yapite.

Matokeo yake ni kwamba tangi lenye chujio linalofanya kazi vizuri kabisa litaonyesha TDS inayopanda taratibu wiki hadi wiki, kwa sababu ya chakula, nitrati na maji yanayofuka. Na tangi ambalo chujio lake limekufa linaweza kuonyesha namba ileile ya jana. Huwezi kulipima chujio kwa kifaa hiki. Unalipima kwa amonia na nitriti: zikiwa sifuri, na nitrati ipo, bakteria wapo kazini. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kufika hapo, hata maji yake yawe na TDS nzuri namna gani.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa huanza kukosa hewa. Umeme ukirudi, usiliwashe moja kwa moja; mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake, suuza sponji kwa maji ya tangi uliyoyachota kwenye ndoo, si ya bomba, ndipo uwashe. Kesho yake pima amonia. Kipima TDS kiache kabatini, hakina la kusema siku hiyo.

Basi kina faida gani?

Zipo, na ni kubwa, ukishaacha kukiuliza maswali yasiyo yake. Kina uwezo mkubwa wa kulinganisha: maji ya leo na ya mwezi uliopita, ya tangi na ya bomba, ya mfuko wa dukani na ya nyumbani.

Chukua suala la kujazia. Pwani, tangi la lita 100 lisilofunikwa linaweza kupoteza lita 5 kwa wiki bila shida, hasa feni ikiwa inapuliza. Kinachofuka ni maji matupu, madini yote yanabaki. Wewe unajazia kwa maji ya bomba yanayosoma 300. Kila wiki umeongeza miligramu 1,500 za madini, sawa na ppm 15 kwa tangi zima. Baada ya wiki kumi tangi lililoanza na 300 linasoma 450, na hujafanya kosa lolote unalolijua. Samaki waliomo wamezoea polepole. Ila samaki mpya ukimtumbukiza kutoka duka lenye 180, anapata mshtuko, anakufa siku ya pili, na unamlaumu muuzaji. Dawa yake ni rahisi: mwaga sehemu ya maji na kuweka mengine, usijazie tu. Tangi likizidi bomba kwa theluthi moja au zaidi, jua umekuwa ukijazia kuliko unavyobadilisha.

Hapohapo dukani, kifaa kina kazi. Pima maji ya mfuko ukifika nyumbani. Tofauti ikiwa ndogo, uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi joto lilingane, kisha mwachie samaki. Ikiwa ni 150 dhidi ya 900, usifanye haraka. Ongeza maji ya tangi kidogokidogo kwenye chombo chake kwa saa moja au mbili. Wafugaji wa kamba wadogo wa mapambo wanalijua hili kuliko wote, kwa sababu kamba hawasamehi.

Kazi ninayoipenda mimi zaidi ni kuchanganya maji. Dar es Salaam, hasa maeneo ya karibu na bahari, visima vingi ni vya maji ya chumvi kwa sababu maji ya bahari yamepenya ardhini kadiri visima vinavyozidi kuvuta. Mtu anayetaka samaki wa maji laini anaambiwa anunue mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana unaozuia madini. Inafanya kazi, lakini ni ghali na inamwaga maji mengi. Watu wanasahau mvua. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, yana TDS karibu na sifuri. Tatizo lake ni kwamba hayana madini ya kutosha kumlea samaki na pH yake haina kitu cha kuishikilia, basi yachanganye. Kisima kinasoma 600, mvua 20, unataka 200: kwenye ndoo ya lita 10 weka lita 3 za kisima na 7 za mvua. Koroga, pima, ongeza kikombe cha huku au cha kule. Hapa ndipo kile kidude kinajilipa. Epuka tu maji yaliyokaa kwenye tangi jipya la saruji, kwa kuwa saruji hupandisha madini na pH kwa pamoja.

Kwa aliyekwisha nunua mashine ya RO, pima maji yanayoingia na yanayotoka. Yakiingia 400 na kutoka 20, utando umezuia asilimia 95, uko vizuri. Miezi ikipita yakaanza kutoka 60 na zaidi wakati yanayoingia ni yaleyale, utando umechoka. Usipime maji ya dakika ya kwanza baada ya kuiwasha, kwa sababu mashine ikipumzika madini hupenya upande wa pili na namba huanza juu. Subiri kidogo itulie.

Ukienda kununua

Vipo vya aina mbili kwa matumizi ya nyumbani. Cha kalamu, unachochovya popote, na cha kufungwa kwenye mpira wa mashine ya RO chenye vitambuzi viwili, kimoja cha maji ya kuingia na kingine cha kutoka. Kama huna RO, cha pili hakikuhusu.

Kwenye cha kalamu, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama kinaonyesha µS/cm pamoja na ppm. Sababu ni ile namba ya kuzidishia niliyoitaja juu. Viwanda vingine vinatumia 0.5, vingine 0.7. Maji yaleyale yenye 800 µS/cm yatasoma 400 kwenye kifaa cha kwanza na 560 kwenye cha pili, na vyote viko sahihi kwa hesabu zao. Ugomvi mwingi wa kwenye makundi ungeisha watu wangetaja mikrosimensi. Kama kifaa hakionyeshi, tafuta kwenye karatasi yake kimeandikwa kinatumia namba ipi.

La pili ni joto. Upitishaji wa umeme hupanda kwa kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, na vipimo vyote hulinganishwa kwa nyuzi 25. Maji ya simtanki la juu ya paa saa nane mchana yanaweza kufika nyuzi 35. Kifaa kisichojirekebisha kitakuongezea moja ya tano ya uongo. Tafuta herufi ATC kwenye boksi au kwenye kifaa chenyewe. Vingi vya bei nafuu vinayo siku hizi, na kisicho nayo usikibebe hata kikiwa nusu bei.

La tatu ni kama kinaweza kusawazishwa. Kuna vyenye skrubu ndogo nyuma au kitufe cha kubonyeza kwa muda. Unakichovya kwenye maji maalumu ya kusawazishia, ambayo huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana, mara nyingi 1,413 µS/cm au 342 ppm, na kukirekebisha kisome hivyo. Kama huna maji hayo, angalau nunua kimoja, usibadilishebadilishe, na ulinganishe chenyewe kwa chenyewe. Kifaa kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku bado kitakuonyesha mabadiliko.

Usilipie zaidi kwa ajili ya kutaka kifaa cha usahihi wa asilimia 1 badala ya 2. Samaki hajui tofauti hiyo. Wala usivutiwe na vile vyenye kupima TDS, pH, joto na chumvi kwa pamoja kwa bei ya kutupa. Sehemu ya pH huwa ni balbu laini ya kioo inayotaka kuhifadhiwa ikiwa na unyevu na kusawazishwa mara kwa mara, na kwenye vifaa hivyo ndiyo hufa kwanza.

Katika kutumia, chota maji kwenye kikombe badala ya kuchovya ndani ya tangi. Hita na pampu zinaweza kuvujisha umeme kidogo na kuvuruga kipimo, na ukiona namba inabadilika pale unapochomoa pampu, hilo si suala la TDS tena, ni la fundi umeme. Gonga kifaa taratibu ukutani mwa kikombe ili mapovu ya hewa yatoke kati ya pini. Usikizamishe kupita mstari uliochorwa. Ukimaliza, suuza pini kwa maji ya mvua au ya RO na ukung'ute, usizifute kwa vidole. Na angalia kona ya kioo: ukivuka 999, vifaa vingi huwasha alama ndogo ya x10. Kioo kikisoma 135 na alama hiyo ikiwaka, maji yako ni 1,350. Nimeona mtu akisifiwa kwa maji laini kwa picha ambayo x10 ilikuwa inawaka wazi.

Kuna mchezo mwingine unaofanywa na baadhi ya wauza mashine za maji majumbani, nao unawachanganya wafugaji pia. Anaweka glasi mbili, ya maji yako na ya mashine yake, anachovya kifaa chenye vyuma vinne na kukichomeka kwenye umeme. Baada ya dakika moja maji yako yamekuwa ya kahawia yenye tope, yake yamebaki meupe. Lile tope halikuwa kwenye maji yako. Baadhi ya vyuma hivyo ni chuma cha kawaida, na umeme ukipita unakila na kukigeuza kutu. Maji ya mashine hayana madini, umeme haupiti, chuma hakiliki. Mwambie atie chembe ya chumvi kwenye glasi yake arudie, uone.

Kwa wanaotaka matumbawe na samaki wa bahari, kipima TDS cha kalamu hakipimi maji ya tangi lao. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, sawa na ppm 35,000, na vifaa vingi vya kalamu vinaishia 9,990. Huko kinahitajika kipima chumvi cha kutazama kwa jicho kupitia lenzi, kinachosoma 1.025 hivi kwa maji ya bahari ya kawaida, yaani uzito wake ukilinganishwa na maji matupu. Kalamu ya TDS wanaitumia hatua moja kabla, kwenye maji ya RO ambayo watayatilia chumvi ya pakiti, na hapo ndipo mahali pekee katika ufugaji huu ambapo mtu anatafuta sifuri na anafurahi akiipata.